Alex Haley: Mpishi wa melini aliyemwandika Malcolm X

Waislamu wengi wa mijini, hususan vijana, wamesoma kitabu cha maisha ya Malcolm X, au wamesimuliwa yaliyomo, au angalau wameiona filamu iliyotengenezwa na Spike Lee mwaka 1992 kutokana na kitabu hicho. Wengi zaidi wanalijua jina la Kunta Kinte. Wapo watoto wa mtaani wanaoitana kwa jina hilo katika michezo yao bila ya kujua lilikotoka. Lakini ukiuliza ni nani aliyeshika kalamu akaviandika vitabu viwili vilivyoyaeneza majina hayo duniani, ni wachache watakaokujibu.

Mtu huyo aliitwa Alex Haley. Hakuwa Muislamu, wala hakusilimu hadi anafariki mwaka 1992. Alilelewa katika Kanisa la Methodisti, na uandishi wake hakuupata chuoni, bali ndani ya meli za kijeshi za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Pamoja na hayo, nathubutu kusema kuwa ni waandishi wachache mno wa karne ya 20 waliowafikishia wasiokuwa Waislamu sura ya Muislamu mweusi kama alivyofanya yeye. Ndiyo maana nimeona wiki hii tumtazame, tena tumtazame kwa uadilifu: mema yake tuyataje na kasoro zake tusizifiche. Sisi tunaosomesha elimu ya dini tuna mizani yetu ya kupimia khabari, na maisha ya mtu huyu ni mahali pazuri pa kuitumia.

Mtoto wa barazani

Haley alizaliwa tarehe 11 Agosti 1921 katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, ambako baba yake, Simon Haley, alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Cornell. Mama yake, Bertha, alikuwa mwalimu. Kijana mwenyewe alikulia Henning, mji mdogo katika jimbo la Tennessee, nyumbani kwa babu yake mzaa mama, Will Palmer, aliyekuwa na biashara ya mbao. Babu huyo alipofariki mwaka 1926, bibi yake, Cynthia, akawa anawaalika ndugu zake wa kike. Jioni, baada ya chakula, akina mama hao walikaa barazani wakikumbushana khabari za ukoo, na mtoto Alex akisikiliza.

Mwanzo wa khabari zote hizo alikuwa mtu mmoja waliyemwita Mwafrika. Alitekwa kwao alipokwenda kukata mti wa kutengenezea ngoma, akavushwa bahari, akauzwa. Mabwana wakampa jina la Toby, naye akashikilia kuwa jina lake ni Kinte. Alipoona gita aliliita ko, na mto uliopita karibu na shamba la bwana wake aliuita Kamby Bolongo. Maneno hayo alimfundisha binti yake Kizzy, Kizzy akamfundisha mwanawe George, na hivyo hivyo kizazi hadi kizazi mpaka yakafika kwa Bibi Cynthia.

Msomaji aliyesoma japo kidogo elimu ya Hadithi ataona mara moja tuliko. Huo ni mnyororo wa wapokezi, yaani isnadi. Fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Swali la kuuliza ni lile lile ambalo maulamaa wetu walikuwa wakiliuliza: je, mnyororo huo umeungana, na wapokezi wake wanategemewa? Tuliweke akilini, tutalirudia.

Jikoni kwa maofisa

Haley alimaliza shule akiwa mdogo, akaingia chuo, lakini masomo hayakumkaa. Baada ya miaka miwili baba yake alimshauri ajiunge na jeshi apate kukomaa. Tarehe 24 Mei 1939 aliandikishwa katika Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani, kikosi ambacho wakati wa vita kiliwekwa chini ya Jeshi la Wanamaji.

Ikumbukwe hali ilivyokuwa. Kijana mweusi aliyejiunga na vikosi vya majini vya Marekani wakati ule alifunguliwa mlango mmoja tu, nao ni wa jikoni. Hakupewa usukani wala mzinga. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia maofisa weupe meza, kuosha vyombo vyao, na akibahatika kupanda cheo, kuwapikia. Haley aliingia katika daraja la chini kabisa la wahudumu wa mezani. Mtu aliyekwishaonja chuo akawa anapeleka kahawa kwa maofisa.

Vita vilipopamba moto alipangiwa meli iitwayo Murzim, iliyokuwa ikipeleka risasi na mizinga katika Bahari ya Pasifiki. Meli ya namna hiyo haihitaji kupigwa mara mbili. Lakini wale waliokuwa ndani yake walisimulia kuwa adui aliyewasumbua zaidi ni uchovu wa siku nyingi baharini pasipo kuona nchi kavu. Haley akajitibu kwa taipureta ndogo aliyokuwa nayo. Usiku, kazi za jikoni zikiisha, alikaa akiwaandikia barua nyumbani watu wote aliowajua.

Wenzake wakamgundua. Baharia asiyejua kupanga maneno akawa anakwenda kwa mpishi amwandikie barua ya mchumba. Foleni ikawa ndefu, na malipo yakawa dola moja kwa barua. Tunaweza kucheka, lakini hapo ndipo ulipo ufunguo wa maisha yake yote. Ili barua ile ifae, ilimbidi akae na mwenye barua, amuulize, amsikilize, kisha aandike kama kwamba ni yule baharia mwenyewe anayesema. Kazi yake ya kwanza ya uandishi ilikuwa ni kuwa ulimi wa mtu mwingine.

Akaanza pia kutunga hadithi na kuzipeleka kwenye majarida. Zilirudishwa. Akapeleka nyingine, zikarudishwa. Ilimchukua miaka minane kabla ya kuanza kukubaliwa. Wakati huo huo alikuwa akiandika katika gazeti dogo la melini, na moja ya makala zake, juu ya baharia wasiopata barua kutoka nyumbani, ilichapishwa tena na magazeti mengi nchini Marekani.

Wakubwa wakaona. Mwaka 1949 akaruhusiwa kuondoka katika kazi za jikoni na kuhamia katika kazi ya uandishi wa habari wa kikosi. Akapanda hadi cheo cha juu cha maofisa wadogo, kilicho sawa na sajini wa ngazi ya juu katika jeshi la nchi kavu. Alikuwa mtu wa kwanza katika kikosi hicho kushika cheo hicho kwa kazi ya uandishi. Mwaka 1959, baada ya miaka 20 ya utumishi, alistaafu akiwa na umri wa miaka 37.

Alihamia New York, akapanga chumba cha chini ya ardhi katika mtaa wa Greenwich Village. Njaa ilimkuta. Mwenyewe alisimulia kuwa siku moja alibakiwa na senti 18 na makopo mawili ya samaki kabatini. Hela ya makala moja ilipoingia, hakuzitumia senti zile wala kuyafungua makopo yale. Aliyahifadhi yote katika fremu yawe ukumbusho.

Kikao cha usiku

Mwaka 1960 jarida la Reader's Digest lilichapisha makala yake juu ya kundi la Nation of Islam. Hapa ni wajibu kutahadharisha, kwa sababu vijana wengi huchanganya. Kundi lile, chini ya Elijah Muhammad, lilijiita la Kiislamu, lakini itikadi zake zilikuwa mbali na Uislamu: lilimfanya Elijah kuwa mjumbe wa Mungu, na lilifundisha kuwa mtu mweupe ni shetani kwa asili yake. Haki yake tuitaje pia. Liliwatoa maelfu ya watu weusi katika ulevi, wizi na magereza, na mmoja wao alikuwa Malcolm.

Malcolm hakumwamini Haley hata kidogo. Mtu mweusi, Mkristo, mwanajeshi mstaafu, anayeandika katika majarida ya wazungu: kwake huyo alikuwa kachero au kibaraka. Naye Haley hakuwa mtetezi wa kundi hilo. Mwaka 1963 aliandika pamoja na mwandishi mweupe, Alfred Balk, makala kali iliyolionyesha kuwa ni la wachuuzi wa chuki. Mwaka huo huo alimhoji Malcolm kwa ajili ya jarida moja la wanaume ambalo halifai kuingizwa katika nyumba ya Muislamu. Ajabu ni kuwa mahojiano yale yalitoka kama Malcolm alivyoyasema, bila ya kupunguzwa makali. Malcolm hakutarajia, na hapo mlango ukaanza kufunguka.

Katika jarida hilo hilo Haley aliwahoji watu wakubwa wa zama zile, wakiwemo Muhammad Ali na Martin Luther King. Alimhoji hata George Lincoln Rockwell, kiongozi wa chama cha Kinazi cha Marekani, ambaye naye alikuwa ofisa wa zamani wa Jeshi la Wanamaji. Rockwell aliiweka bastola juu ya meza muda wote wa mazungumzo. Haley alikaa, akauliza maswali yake, akaandika majibu. Miaka 20 ya kuwahudumia watu waliomdharau ilimfundisha kumsikiliza mtu hata akiwa anamtukana.

Mwaka 1963 mkataba wa kitabu ukatiwa saini. Malcolm aliweka sharti kuwa kisiingizwe humo jambo ambalo yeye hakulisema, wala lisiachwe analotaka liwemo. Akawa anakuja chumbani kwa Haley usiku, majira ya saa tatu, baada ya kazi za mchana kutwa. Mwanzoni, akiingia, alisema kwa sauti kana kwamba anajaribu kipaza sauti, kwa kuwa alishuku kuwa makachero wa FBI wametega vyombo vya kunasia maneno.

Vikao vya kwanza havikuzaa kitu. Alizungumza juu ya Elijah Muhammad tu. Lakini Haley aliona kuwa akiwa anasema, Malcolm huandika maneno kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Kila alipomwekea kahawa akawa anamwekea na karatasi za kufutia mikono, na mgeni akiondoka anaziokota na kuzisoma. Kutoka katika karatasi zile alianza kujua yaliyomo moyoni mwake. Kisha usiku mmoja, Malcolm akiwa amechoka sana, Haley alimuomba amwambie chochote juu ya mama yake. Malcolm akasimama, akawa anatembea chumba kizima, akaanza kusema habari za mama yake na umasikini wa utotoni. Alisema hadi alfajiri. Tangu usiku ule kitabu kilikuwa kimepatikana.

Walikutana zaidi ya mara 50, hadi mwanzoni mwa mwaka 1965. Katikati ya muda huo dunia ya Malcolm iligeuka. Alitengana na Elijah Muhammad, na Aprili 1964 akaenda Makka kuhiji. Huko akaona watu wa kila rangi wakila sahani moja na kusimama safu moja, akaandika barua za kuikana ile itikadi ya rangi. Mwaka huo huo alizunguka Afrika, na Oktoba alifika hapa Dar es Salaam akaonana na Mwalimu Nyerere.

Aliporudi kwenye mswada, alichukua kalamu nyekundu akaanza kufuta kila mahali alipomsifu Elijah. Haley akamsihi asifanye hivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba msomaji akiambiwa mwisho wa safari tangu ukurasa wa kwanza, hataiona safari. Malcolm alikasirika, akataka kujua kitabu ni cha nani. Baadaye usiku huo akapiga simu kuwa yaachwe kama yalivyo.

Naomba msomaji ulitafakari jambo hili. Kama Malcolm angeyafuta yale, leo tungekuwa na kitabu cha mtu aliyezaliwa ameongoka. Kwa kuwa yaliachwa, tunaye mtu aliyepotea, akaamini alichoamini kwa moyo wake wote, kisha haki ilipomfikia akaifuata hadharani huku akijua gharama yake. Kijana anayetoka katika dawa za kulevya au katika makundi ya ovyo, yupi kati ya hao wawili anaweza kumshika mkono?

Gharama ilikuwa ya roho. Malcolm alimwambia Haley kuwa hatarajii kukiona kitabu kikiwa kimechapwa. Tarehe 21 Februari 1965 alipigwa risasi jukwaani katika ukumbi wa Audubon, mjini New York. Wachapaji waliokuwa na mkataba, kampuni ya Doubleday, wakaogopa na kuuvunja. Kampuni ndogo ya Grove Press ikakichukua na kukitoa mwaka huo huo wa 1965. Hadi mwaka 1977 nakala milioni sita zilikuwa zimeuzwa.

Mto na bandari

Baada ya hapo Haley akarudi kwenye baraza la bibi yake. Akataka kujua Mwafrika yule alikuwa nani. Alimwendea Jan Vansina, mtaalamu wa masimulizi ya mdomo aliyefanya kazi kubwa Kongo, Rwanda na Burundi, akamwambia yale maneno ya ukoo. Vansina akaona yanafanana na lugha ya Kimandinka: ko huenda ni kora, chombo cha nyuzi, na Kamby Bolongo ni Mto Gambia. Haley akaenda Gambia. Mwaka 1967, katika kijiji cha Juffure, mzee aitwaye Kebba Fofana alimsimulia nasaba ya ukoo wa Kinte, hadi kufika kwa kijana aliyeitwa Kunta aliyekwenda kukata mti na asionekane tena.

Haley akapekua kumbukumbu za meli. Akaikuta meli iitwayo Lord Ligonier, iliyotoka Mto Gambia na kufika bandari ya Annapolis, Maryland, tarehe 29 Septemba 1767. Ilikuwa imepakia watu 140. Waliofika hai ni 98. Tarehe 29 Septemba 1967, miaka 200 kamili baadaye, Haley alikwenda kusimama kwenye bandari ile akiitazama bahari.

Na kwa kuwa alikuwa baharia, hakuona haki kuandika safari ya mtumwa akiwa juu ya kiti. Alipanda meli ya mizigo kutoka Afrika Magharibi kwenda Marekani, na kila usiku alishuka chini kwenye stoo ya mizigo, akavua nguo akabaki na za ndani, akalala juu ya ubao mtupu katika giza na baridi.

Kitabu cha Roots kilitoka mwaka 1976. Januari 1977 kilionyeshwa katika televisheni ya Marekani kwa usiku nane mfululizo, na usiku wa mwisho ulikadiriwa kuwa na watazamaji milioni 100. Mwaka huo kikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya Wamarekani, weusi kwa weupe, waliwekewa mbele ya macho yao kuwa mtumwa yule aliyefungwa minyororo alikuwa ametoka kwa watu wenye misikiti na madrasa, anajua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na kwamba katika tumbo la meli alikuwa akimlilia Allah.

Mizani ya isnadi

Sasa turudi kwenye lile swali. Aprili 1977 gazeti moja la London lilimtuma mwandishi hadi Juffure. Aligundua kuwa mzee Fofana hakuwa msimulizi wa nasaba kwa kazi wala kwa urithi, na kwamba kabla ya Haley kufika, watu walikwishajua anatafuta nini. Mwaka 1981 wataalamu wa nasaba, Gary Mills na Elizabeth Shown Mills, walionyesha kwa hati za Virginia kuwa yule Toby wa familia ya Waller alikuwa tayari shambani kabla ya meli ya Lord Ligonier kufika. Kwa lugha ya wanafunzi wa Hadithi, isnadi imekatika, na mpokezi wake mmoja hategemewi.

Kuna kubwa zaidi. Mwandishi Harold Courlander alimshitaki Haley kuwa amechukua maneno kutoka katika riwaya yake ya mwaka 1967. Kesi ilisikilizwa New York mwaka 1978. Kabla ya hukumu Haley alikubali kumlipa dola 650,000, na akatoa tamko kuwa baadhi ya mambo ya kitabu kile yameingia katika chake. Hili hatuwezi kulipamba. Kuchukua maneno ya mtu bila ya kumtaja ni khiyana, aifanye mwandishi mkubwa au mdogo.

Kitabu cha Malcolm nacho hakikusalimika. Mwaka 2011 mwanahistoria Manning Marable alionyesha kuwa Haley alikuwa na siasa zake na kwamba zipo sura zilizoachwa nje. Baadhi ya kurasa hizo zilinunuliwa mwaka 2018 na kituo cha Schomburg cha New York. Lakini tazama tofauti. Wakosoaji wanasema nini kiliachwa. Hakuna anayesema kuwa Malcolm hakukaa kwenye kile kiti. Mwenye khabari alikuwepo, alisema mwenyewe, alisomewa, alifuta na kurekebisha kwa mkono wake.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, katika Suratul Baqara, imekuja kutufundisha kuandika deni: mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae, na yule anayedaiwa ndiye atoe maneno, tena wawepo mashahidi. Katika kitabu cha kwanza Haley alifanya kazi iliyo karibu na ya mwandishi huyo. Katika cha pili, mwenye khabari alikuwa amekufa miaka mingi na mashahidi hawakuwepo, naye akajaza mapengo kwa alichokitamani. Kalamu ilikuwa ni ile ile. Kilichobadilika ni kuwepo kwa mwenye khabari.

Vijana wangu darasani huniuliza: kwa hiyo Kunta Kinte ni uongo, na Waislamu waliochukuliwa utumwani ni uongo? Hapana. Nawaeleza khabari za Ayuba Suleiman Diallo. Huyu alikuwa mtoto wa mwanachuoni wa Bundu, katika nchi ambayo leo ni Senegal. Alitekwa karibu na Mto Gambia mnamo mwaka 1731 na kupelekwa Annapolis, njia ile ile na bandari ile ile. Mkasa wake hauna ubishi, maana kitabu juu yake kilichapishwa London mwaka 1734, naye mwenyewe aliandika kwa Kiarabu barua ya kumtaka baba yake amkomboe. Alipelekwa Uingereza, akaiandika Qur'an kutoka kifuani, akaachiwa huru na kurudishwa Afrika. Ukweli mchungu ni kuwa siku aliyotekwa alikuwa ametoka kuuza watu wawili. Yupo pia Omar ibn Said, aliyeandika maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831 akiwa bado mtumwa huko North Carolina. Hao wana hati. Jina la Kunta linaweza kubaki katika shaka. Waislamu waliopita njia ile hawana shaka.

Qur'an katika Suratul Hujurat imetuamuru tuhakikishe khabari tunapoletewa. Amri hiyo haibagui khabari inayotuumiza na inayotufurahisha. Ni rahisi kwetu kuipekua khabari ya wanaotuchukia. Ngumu ni kuipekua ile tunayoipenda. Na anayewapa watoto wake fahari juu ya msingi asiouchunguza, siku msingi ukibomolewa na wengine, fahari nayo huanguka.

Tuandike nini sisi?

Haley alifariki tarehe 10 Februari 1992 mjini Seattle, kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 70. Amezikwa Henning, mbele ya nyumba yenye lile baraza. Mwaka 1999 kikosi kilichomuingiza kwa mlango wa jikoni kiliipa meli jina lake. Kisiwa cha James kilichoko katika Mto Gambia, walikokuwa wakifungiwa watumwa, kilibadilishwa jina mwaka 2011 kikaitwa Kunta Kinteh.

Mimi binafsi, nikihesabu ukoo wangu, nafika kwa babu wa babu. Zaidi ya hapo wazee wanatofautiana, na kila mwaka wanapungua. Naamini wasomaji wengi wako kama mimi. Katika kila mtaa wetu yupo mzee aliyejenga msikiti kwa kubeba tofali kichwani, yupo bibi aliyesomesha watoto wa mtaa mzima Juzuu Amma, yupo aliyekuwa kuli bandarini na kuiona siasa ya uhuru ikianza. Tunawazika, tunasoma hitma, tunarudi nyumbani na khabari zao zimekwenda nao kaburini. Baada ya miaka 50 watakuja wajukuu kutaka kujua, na watakayemkuta ni mtu kama mzee Fofana, anayewaambia wanachotaka kusikia.

Kazi hii haihitaji shahada. Aliyemwandika Malcolm alikuwa mpishi aliyeacha chuo. Inahitaji daftari, kalamu, na subira ya kukaa usiku hadi mzee aache kusema yale ya kujionyesha na aanze kusema ya moyoni. Muulize habari za mama yake. Andika jina la aliyekusimulia, tarehe na mahali, na yeye aliyapata kwa nani. Kisha msomee ulichoandika, arekebishe angali hai. Ukifanya hivyo umehifadhi amana kwa isnadi yake, na hakuna mahakama wala mtafiti atakayekuja kukuvunjia.

Leo baada ya Isha wazee watakuwepo barazani kama kawaida.

Wabillahi tawfiq.